TAHADHARI: anayeuza paketi ya basi na hosteli Dar–Nairobi–Kampala–Kigali, bukingi zake hazijalipiwa

Habarini wakuu. Naandika hii nikiwa Bukoba kwa shangazi yangu, na leo kwa ratiba yangu nilitakiwa niwe Kigali. Kuna mtu anauza paketi za safari kwa wenye bajeti ndogo, begi mgongoni, miji minne kwa siku tisa, anajitangaza sana mtandaoni na kwa namna alivyojipanga naona kabisa wengi wataliwa kama nilivyoliwa mimi na mdogo wangu. Siweki namba yake hapa kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine ambaye huenda hata hajui kama jina lake linatumika, na ukurasa ameshabadilisha jina mara mbili tangu juzi, kwa hiyo shikeni namna anavyofanya, hiyo haibadiliki.

Bei yake ni 380,000 kwa mtu mmoja, ndani yake tiketi za basi Dar–Nairobi, Nairobi–Kampala, Kampala–Kigali na kurudi Dar kupitia mpaka wa Rusumo, pamoja na kitanda cha hosteli kila mji. Mimi nilishapiga hesabu zangu kabla nikaona nikijilipia mwenyewe inakuja kama 440,000 hivi, sasa tofauti ya elfu sitini haikunishtua, nikasema huyu atakuwa anapata punguzo kwa sababu anapeleka watu wengi. Angesema laki moja na nusu ningekimbia siku hiyohiyo. Na hakuomba hela yote, alisema lipa nusu sasa na nusu ukiwa njiani ukishaona tiketi ya kwanza ni halali.

Na kweli ilikuwa halali. Nilienda mwenyewe Stendi ya Magufuli pale Mbezi, dirishani kwenye ofisi ya basi, wakaangalia wakasema hizi siti mbili ni zenu zimelipiwa. Nikapiga simu hosteli ya Nairobi, dada wa mapokezi akasema ndio jina lako lipo, vitanda viwili, usiku mbili. Nikapiga Kampala nao wakasema jina lipo. Jamani hapo mtu ungefanya nini zaidi, nilijiona nimechunguza kila kitu.

Kitu pekee kilichotakiwa kunistua ni kadi ya njano. Mdogo wangu hakuwa na cheti cha homa ya manjano, yule jamaa akasema hamna shida lete elfu hamsini na picha ya pasipoti kadi inatoka kesho bila sindano. Nikakataa, tukaenda kuchanja kihalali maana zilikuwa zimebaki siku 13 na cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ila mtu aliyekuwa tayari kumuuzia kijana kadi feki avuke nayo mipaka minne bila kinga nilitakiwa niachane naye palepale. Sikufanya hivyo na hilo linaniuma kuliko hata hela.

Siku ya safari tumetoka Dar alfajiri, tumefika Arusha kama saa kumi jioni, basi halijasimama vizuri simu inaita, ni yule jamaa. Dada yangu mmefikia wapi, aah Arusha, basi nitumie ile nusu sasa hivi maana mkivuka Namanga laini yako itakata mtandao na mimi natakiwa nifunge malipo ya Kampala leo kabla ofisi hazijafungwa. Maneno yana maana kabisa, kila aliyewahi kuvuka na laini ya Bongo anajua habari ya kukosa mtandao. Nikatuma 380,000 ya watu wawili saa kumi na dakika kumi na tano, ujumbe wa muamala ninao.

Nairobi tumeingia saa tano usiku, tumechoka, miguu imevimba, tunafika mapokezi hosteli yule dada anatafuta kwenye kompyuta halafu ananitazama. "Pole sana dada, hii bukingi ilikanseliwa leo saa kumi na dakika arobaini." Yaani dakika ishirini na tano baada ya mimi kutuma hela! Nikamwambia haiwezekani nimelipa, akanigeuzia kioo nione mwenyewe, ilikuwa bukingi ya kulipa ukifika, haina hata senti iliyolipwa, na kwa utaratibu wao unaruhusiwa kufuta bure mpaka saa kumi na mbili jioni ya siku unayofika. Yule dada alikuwa mwema sana, akatupa vitanda kwa 1,500 za Kenya kila mmoja na akatuchemshia chai, akasema mnyamaze tu mlale kesho tutaangalia hiyo ya basi.

Kesho yake tukaenda ofisi ya basi la Kampala, hadithi ni ileile. Majina yalikuwepo kweli, yalibukiwa kwa simu, hayakulipiwa, muda ukapita siti zikaachiliwa na basi la jioni ile limejaa. Kijana wa pale akatueleza vizuri kwamba mtu yeyote anaweza kupiga simu akashikilia siti kwa jina lolote, haimgharimu kitu.

Sasa ndio mjue biashara yake ilivyo. Hatengenezi tiketi feki hata moja. Anakubukia kweli, kwa jina lako kweli, sehemu za kweli, ila halipii, halafu analipia ile safari ya kwanza tu ili wewe uhakikishe uamini. Ukipiga simu kuuliza kama jina lako lipo utajibiwa lipo kwa sababu lipo kweli, ila swali hilo halikusaidii kitu, uliza hivi: IMELIPIWA KIASI GANI NA INADAIWA KIASI GANI? Mimi baadaye nilipiga tena Kampala nikauliza hivyo, wakasema haijalipiwa, mnalipa yote mkifika. Ningeuliza hivyo nikiwa Dar nisingekuwa naandika hapa. Halafu zile karatasi za hosteli alinitumia skrinshoti ya nusu ya juu tu, yenye jina na tarehe, sehemu ya chini inayoonyesha malipo ameikata, kwa hiyo mtu akikutumia skrinshoti mwambie atume faili zima au akutumie namba ya bukingi uangalie mwenyewe.

Kwenye 760,000 tulizotoa kitu tulichopata ni zile tiketi mbili za Nairobi, 80,000 kila moja, laki sita imeenda. Huduma kwa wateja wa mtandao wa simu waliniambia hela ilitolewa kwa wakala muda uleule. Namba yake nimeituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nanyi mkitapeliwa kwa simu tumeni, na hapa Bukoba nimefungua taarifa polisi nimepewa RB, yaani namba ya taarifa, wakasema nisifute meseji hata moja.

Kampala tulifika, tukajilipia siku iliyofuata moja kwa moja dirishani, tukalala siku mbili, Kigali tukaikata, tukarudi kupitia mpaka wa Mutukula hadi huku kwa shangazi maana hela ya Rusumo haikuwepo tena. Mdogo wangu alikuwa na hamu sana ya Kigali, alikuwa kashasoma kila kitu, mpaka kwamba saa yao iko nyuma yetu saa moja, alinikumbusha mara tatu tusije tukakosea muda wa kuripoti Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali.

Kwa anayetaka kupita njia hii, inawezekana kabisa bila mtu wa kati. Nunua tiketi kipande kwa kipande kwenye ofisi ya basi lenyewe, Dar ni ndani ya stendi sio kwa wapiga debe wa nje, Nairobi ofisi nyingi ziko maeneo ya River Road na Accra Road, mabasi mengi ya Kampala yanaondoka jioni yanatembea usiku kwa hiyo unaokoa na hela ya kulala. Hosteli buku mwenyewe ya kulipa ukifika, hela ibaki mfukoni kwako. Na sisi Watanzania tubebe pasipoti, msidanganyike na wenzetu Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaovukiana kwa vitambulisho.

Nimeona jana amerudi na tangazo jipya la Desemba, safari ileile bei ileile, chini watu wanaulizia nafasi. Kama umeshamlipa ile nusu ya kwanza usitume ya pili, na leo hii pigia ofisi ya basi la Kampala uwatajie jina lako uulize kama hiyo siti imelipiwa.