Vepu (sigara ya kielektroniki) ya volti au ya wati?
Kwenye vepu ya volti unapanga msukumo wa umeme tu. Joto linategemea koili (waya unaopasha kimiminika) uliyofunga. Volti 4 kwenye koili ya omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi koili inavyozuia umeme) hutoa wati 8 za nguvu. Funga ya omu 1 bila kugusa mpangilio, zinaruka hadi wati 16, na hapo ndipo pamba inayofyonza kimiminika huungua na koo likawasha vibaya.

Ya wati hupima yenyewe ukinzani wa koili. Ukiiwekea wati 8, kwenye omu 2 itatoa volti 4, kwenye omu 1 itashuka hadi takriban 2.8. Kwangu hii ndiyo bora, hasa kwa anayebadilisha koili mara kwa mara. Ya volti inamtosha aliyezoea koili ya aina moja.