Bodi za jipsamu za kuzuia moto: tathmini yangu baada ya kuzifunga juu ya ukuta wa muzigo

Tunaoishi katika mizigo ya Kampala, yaani zile nyumba za vyumba vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja, tunajua kwamba mara nyingi ukuta unaogawa vyumba huishia usawa wa dari na haufiki kwenye mabati. Usiku unamsikia jirani akikohoa kana kwamba mmelala chumba kimoja, na njia hiyo hiyo inayopitisha kikohozi ndiyo inayopitisha moto. Umeme umekatika, mshumaa umeanguka chumba cha kwanza, miali inapanda kwenye kenchi za mikaratusi, inatambaa chini ya mabati na kuwashukia watu wa chumba cha nne wakiwa usingizini. Kwa hofu hiyo, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba, niliamua kuuziba mwenyewe uwazi huo katika chumba changu hapa Nateete kwa bodi za jipsamu za kuzuia moto.

Nianze na dukani, maana huko ndiko nilikokaribia kupoteza pesa. Muuzaji wa kwanza aliniletea bodi za kawaida na kunihakikishia, "Mzee, jipsamu ni jipsamu, zote zinazuia moto." Jasi yenyewe, yaani hiyo jipsamu, kweli haiwaki, lakini bodi hazilingani. Kwa viwango vya Ulaya, bodi ya moto huandikwa herufi F na ya kawaida herufi A, na viwanda vingi huivika ile ya moto karatasi ya rangi ya waridi. Ndani yake huwa na nyuzi za kioo zinazoishikilia jasi isibomoke mapema inapopasuka kwa joto. Niligeuza bodi, nikaona A, nikaenda duka jingine na kulipa zaidi kwa ajili ya F.

Kabla ya kufunga nilikata kipande cha ukubwa wa kitabu, nikakiweka juu ya sigiri iliyokolea makaa, na kando yake kipande cha plaiwudi. Plaiwudi ilifuka moshi, kisha ikashika moto. Karatasi ya chini ya jipsamu iliungua ikawa nyeusi, lakini kwa dakika za mwanzo niliweza kuugusa mgongo wake kwa kiganja, na baadaye ukaanza kutoa mvuke. Sababu ni kwamba jasi safi hubeba maji ndani yake kwa karibu asilimia 21 ya uzito wake, na joto hulazimika kwanza kuyafukuza maji hayo kabla upande wa pili haujapata moto sana. Maji yakiisha, kinga nayo huanza kupungua. Kinachopatikana ni muda wa kuwaamsha watoto na kutoka nje, na kwangu muda huo ndio niliokuwa nikiutafuta.

Kukata ni rahisi, kwani unachana karatasi kwa kisu na kuivunja bodi kwenye mstari. Kuinua ndiko kugumu: bodi ya mita 1.2 kwa 2.4, yenye unene wa milimita 12.5, ina uzito wa kilo 25 au zaidi, hivyo tafuta mtu wa pili.

Kazi iliyonichosha ni ya matundu. Mabati yana mawimbi, kwa hiyo juu ya bodi hubaki uwazi mdogo mdogo wenye umbo la nusu mwezi, na kila nyaya za umeme zinapopita hubaki tundu. Nilijaza yote kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, na viungo vya bodi kwa utepe na plasta ya jasi. Nimeona nyumba ambako fundi amefunga bodi nzuri za gharama kisha akaacha tundu la ngumi kando ya waya. Hapo mwenye nyumba ametumia pesa na moto bado una njia.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni maji. Wenzetu wa Bwaise, ambako mafuriko huingia vyumbani, wasiifunge chini ya ukuta kamwe. Hata huku juu, tone lililopita kwenye tundu la msumari liliilainisha kona moja hadi ikazama kidole.

Pamoja na hayo, nitazinunua tena kwa ajili ya jikoni. Kona ile nimeikata na kuweka kipande kipya, na msumari nimeuziba kwa lami.