Uzoefu wangu: Mbegu za dume la kuchagua kwa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe

Huduma ninayoizungumzia ni ya uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume kuwepo, ambapo mfugaji anapewa mapema karatasi zenye namba za sifa za madume, anachagua mwenyewe, kisha mhimilishaji analeta mrija wa mbegu za dume huyo siku ng'ombe anapoingia joto. Nimeitumia Rungwe, kwa chotara wa Friesian na Jersey wanaofugwa bandani na kulishwa matete, nyasi za guatemala, majani na vigogo vya migomba, na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti wakati wa kukamua. Mbegu zenyewe nazipa alama za juu. Karatasi nazipa wastani, kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya mfugaji wa Marekani. Sehemu dhaifu ni kufikisha mrija kwa wakati.

Nianze na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya akipewa karatasi: jicho linakimbilia safu ya maziwa. Kwa mfugaji anayekata majani kwa mkono, safu ya kwanza kusomwa iwe ya umbo. Ng'ombe wa kilo 600 hata asipotoa lita moja, mwili wake unadai chakula cha kuishi tu. Ukimlinganisha na wa kilo 400, mkubwa anahitaji zaidi kwa takriban theluthi moja. Kwa matete mabichi yaliyokatwa yakiwa laini, hesabu yangu inakuja kama kilo 38 kwa siku kwa mkubwa na kilo 28 kwa mdogo, kabla ya kuongeza majani ya kutengenezea maziwa. Kilo 10 kila siku ni zaidi ya tani tatu na nusu kwa mwaka, na huku kwetu mzigo huo unapandishwa mlima kichwani. Kwa hiyo kwenye safu ya kimo nachagua dume aliye karibu na sifuri, yaani wastani, au chini yake. Wanaosifu binti mrefu wa kupendeza kwenye maonyesho wana shughuli tofauti na yetu.

Sasa karatasi yenyewe. Katika katalogi za Marekani, maziwa yameandikwa kwa ratili. Ratili 1,000 ni kilo 454, na namba hiyo ni tofauti inayotarajiwa kwa binti za dume huyo wakilinganishwa na wastani wa aina yao ya ng'ombe, kwa kipindi kizima cha kukamuliwa cha siku 305. Ukigawa, ni kama lita moja na nusu kwa siku, tena kwa ng'ombe anayekula chakula cha kule. Hapa, ambapo kiangazi cha Agosti hadi Oktoba kinakausha matete, usitarajie tofauti yote ionekane kwenye ndoo. Tena usilinganishe karatasi ya zamani na mpya. Kipimo cha wastani husogezwa kila baada ya miaka mitano, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2025, kwa hiyo dume yuleyule anaweza kuonekana ameshuka ilhali hajabadilika.

Safu ya chakula imeandikwa FSAV. Ilianza kutolewa Desemba 2020, na mwaka 2021 ikaingizwa kwenye ile alama ya jumla ya faida, NM$. Ni ratili za chakula kikavu ambazo binti anaokoa kwa kipindi kimoja cha kukamuliwa, na alama ya kuongeza ndiyo nzuri. Inachanganya mambo mawili: mwili kuwa mdogo, na ng'ombe kula pungufu kuliko inavyotarajiwa kwa uzito na maziwa yake. Dume wa +100 maana yake ni kilo 45 za chakula kikavu, ambazo kwa matete mabichi ni kama kilo 250. Ukiiangalia kwa binti mmoja ni kidogo, ila inarudi kila anapozaa na kukamuliwa, na anairithisha kwa mitamba yake.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, safu hiyo imetengenezwa kwa Holstein tu, yaani Friesian wa Marekani. Ukichukua Jersey au Ayrshire, tumia kimo na uzito kama mbadala. Pili, tazama kiwango cha uhakika kilichoandikwa pembeni kwa asilimia. Cha chakula huwa chini sana kuliko cha maziwa, kwa sababu kupima kila ng'ombe anakula kiasi gani kwa siku ni kazi ghali na waliopimwa ni wachache. Dume kijana mwenye namba kubwa na uhakika mdogo simwekei matumaini yote. Nagawa: mitamba miwili dume huyu, miwili dume yule.

Safu za afya ndizo zilizonilipa kuliko zote. SCS inahusu chembe za kinga kwenye maziwa, yaani dalili ya ugonjwa wa kiwele, na hapa namba ndogo ndiyo nzuri. Kila alama moja inayopanda, chembe zinaongezeka maradufu. Sichukui dume aliyezidi 2.90. DPR inahusu binti kushika mimba: kila alama moja juu ni kama siku nne pungufu za kukaa bila mimba. Dume wa +2 na dume wa −2 wametofautiana siku 16, na siku hizo ng'ombe anakula majani yaleyale huku maziwa yakishuka.

Kuna safu moja ambayo sijasikia mhimilishaji akiitaja hata mara moja: urefu wa chuchu. Kule wanakamua kwa mashine, na madume wengi wanaozaa kiwele kizuri huzaa pia chuchu fupi, tena za nyuma zimekaribiana hadi zinagusana. Kwa mkono huo ni mateso. Unakamua kwa vidole viwili, unavuta badala ya kubana, ng'ombe anaumia, maziwa yanabaki ndani, na kiwele kinaugua hata kama SCS ya baba yake ilikuwa nzuri. Kama unakamua kwa mkono, kataa dume ambaye mstari wa chuchu umeelekea upande wa fupi. Mimi nilipaswa kuijua hii kabla ya mrija wa kwanza.

Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haina safu. Hakuna namba kwenye katalogi itakayokuambia binti atastahimili kupe, na binti wa dume wa nje anahitaji kuogeshwa kama kawaida. Kwa sababu hiyo, anayefuga Kyela au bonde la Usangu, kwenye joto na kupe wengi, namshauri abaki na chotara wa nusu kwa nusu badala ya kuendelea kupandisha damu ya kigeni. Tukuyu, Njombe, Mufindi na Makete baridi inaruhusu kwenda robo tatu na zaidi, mradi chakula kipo. Pia usidharau madume wa Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, Usa River. Mrija wa dume wa kawaida anayejulikana, uliotunzwa vizuri, unashinda mrija wa dume bora uliopoteza ubaridi njiani.

Hapo ndipo huduma inapoyumba. Mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji akinyanyua kikombe juu ya shingo ya mtungi na kuanza kutafuta mrija huku akizungumza, mirija yote iliyo kwenye kikombe hicho inaumia, hata ile itakayotumika mwezi ujao. Hasara haionekani kwa macho. Ng'ombe wanarudi joto tu, na lawama wanabebeshwa wao. Siku hizi naomba vitu vitatu kabla hajaanza. Aniambie mtungi ulipimwa lini kwa kijiti na kina kilikuwa sentimita ngapi. Anioneshe maandishi ya mrija, niyasome: kwenye mirija ya Marekani kuna namba ya kampuni, herufi mbili za uzao, HO kwa Holstein, JE kwa Jersey, AY kwa Ayrshire, kisha namba ya dume, na zote zilingane na karatasi. Na awe na kipimajoto.

Mrija unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45. Kuuyeyusha kwapani au kwenye kikombe cha maji yaliyokadiriwa kwa kidole nimekuona, na sikubali tena. Ukitoka majini ufutwe ukauke kabisa, maana tone la maji likiingia linaua mbegu. Kisha kuna jambo la huku kwetu: asubuhi ya Juni au Julai, Tukuyu na zaidi Makete, chuma cha kupandishia kinakuwa baridi kama barafu. Ukiingiza mrija wa nyuzi 36 humo, mbegu zinapigwa na ubaridi kabla hazijamfikia ng'ombe. Chuma kisuguliwe kwa karatasi safi hadi kipate joto, kikishajazwa kiwekwe ndani ya nguo kifuani, na kazi imalizike ndani ya dakika 10 hadi 15. Mbegu ziachwe mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi, polepole. Akizisukumia ndani zaidi, atazipeleka upande mmoja wa kizazi au atajeruhi.

Kwa upande wa mfugaji, kosa kubwa ni muda. Akionekana kwenye joto asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Dalili ya uhakika ni kusimama akipandwa na mwenzake, ila ng'ombe wa bandani akiwa peke yake hana wa kumpanda. Tegemea ute angavu unaovutika kama uzi, uke uliovimba na kuwa mwekundu, kulia, na maziwa kupungua ghafla. Kagua mara tatu kwa siku, dakika 20 kila mara, na mara moja iwe usiku. Ute wenye usaha, usipandishe, mtibu kwanza. Damu kidogo ikionekana ukeni, joto lilipita siku moja hadi tatu nyuma, kwa hiyo hesabu siku 18 hivi mbele na umsubiri hapo. Mhimilishaji anayekubali kupandisha siku ya damu ili asipoteze safari yake anakula mrija wako.

Huduma niliyotumia ilichelewa mara kadhaa wakati wa masika, barabara zikiwa tope, na malipo ya marudio hayakuelezwa mapema. Kubalianeni kabla: ng'ombe akirudi joto kati ya siku 18 na 24, unalipa mrija tu au unalipa vyote? Mimba ipimwe kwa mkono siku 60 hadi 90 baada ya kupandisha. Kutorudi joto peke yake si ushahidi.

Mirija ya kuzaa majike nimeitumia kwa mitamba tu. Inafikia kama majike tisa kwa kumi, lakini ina mbegu chache sana ndani, kwa hiyo haisamehe kosa lolote la muda au la kuyeyusha. Ng'ombe aliyewahi kurudi joto mara mbili usimpe. Mtamba apandishwe akifikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa mkubwa, umpime kwa utepe wa kifua, usitegemee umri. Kwa uzao wa kwanza chagua dume mwenye namba ndogo ya uzazi mgumu, au Jersey, hata kama moyo wako uko kwa Friesian.

Jinsi ya kujua kama binti kweli anakula kwa faida: pima majani kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kumpa, pima mabaki kesho yake, andika lita za siku hiyo. Fanya siku tatu mfululizo kila mwezi, ukilinganisha ng'ombe walio kwenye mwezi uleule wa kukamuliwa. Ila angalia mgongo na mbavu pia. Katika miezi miwili ya mwanzo, ng'ombe anayetoa lita nyingi kwa majani machache mara nyingi anakula nyama yake mwenyewe. Kwenye daftari anaonekana wa faida kuliko wote, na huyo ndiye atakayekaa miezi bila kushika mimba. Ndiyo maana simchukui dume mwenye FSAV nzuri kama DPR yake iko chini ya sifuri. Namba hizo mbili nazisoma pamoja au siinunui mbegu.

Na daftari lenyewe: mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya hereni, tarehe, namba ya dume kama ilivyo kwenye mrija, na jina la baba wa dume. Dume mzuri huduma inamleta tena na tena, na baada ya miaka mitatu ni rahisi kumpandisha binti kwa baba yake. Ndama wa namna hiyo amerudiwa damu kwa asilimia 25, na utaona kudumaa na vifo vya ndama kabla hujaona maziwa. Mrija mtupu ukishatumika, mimi naubandika kwa gundi kwenye ukurasa wa ng'ombe husika, maandishi yakiwa juu.