Tangi la Maji ya Chumvi la Mtumba: Lipi Ununue, na kwa Nini Sumaku Ikaguliwe Kwanza

Ujumbe ninaoletewa na wasomaji siku hizi unafanana. Mtu kanunua tangi la maji ya chumvi la mtumba na pampu zake, kalisafisha, kasubiri kwa wiki kadhaa mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa viumbe, zikashuka hadi sifuri. Samaki wanaogelea vizuri. Lakini kila konokono anayetiwa humo anapinduka chali na hainuki tena, kamba wanakufa wakati wa kujivua gamba, na matumbawe yamejifunga. Chumvi, ukiipima kwa uzito wa maji, iko kwenye 1.025, joto halipandi wala halishuki. Akibadilisha maji hali inapata nafuu kidogo, kisha inarudi palepale.

Huwa naomba picha moja tu: sumaku ya pampu ikiwa imetolewa nje.

Habari za ukubwa wa tangi, mikwaruzo na kuvuja sitazigusa, kila mnunuzi anazikagua mwenyewe. Sumaku haikaguliwi na mtu. Ndani ya kila pampu kuna rota, ile sehemu inayozunguka, na ndani ya rota kuna sumaku. Pampu nyingi za mawimbi zina nyingine ya kuzishikiza kwenye kioo, na hata kile kifaa cha kusugulia mwani kina yake. Sumaku hizi zenye nguvu zina chuma ndani na mara nyingi hupakwa nikeli na shaba, kisha hufungiwa kwenye plastiki au epoksi. Ganda hilo likipata ufa mwembamba kama unywele, maji ya chumvi yanaingia. Sumaku inaota kutu, inavimba, inalipasua ganda zaidi, na metali zinaanza kuingia kwenye maji. Samaki anaweza kuvumilia kiasi kidogo cha shaba. Konokono, kamba na matumbawe hawawezi. Vipimo vingi vya shaba vya nyumbani vimetengenezwa kupima kiwango cha shaba inayotiwa kama dawa, kwa hiyo vinaweza kusoma sifuri huku konokono wanaendelea kufa.

Ukaguzi wenyewe ni mfupi. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha pampu, vuta rota. Ifute kwa kitambaa cheupe, kisha tazama kitambaa: rangi ya kahawia ni kutu. Igeuze chini ya taa, upitishe ukucha kuzunguka ganda lote, hasa kwenye maungio ya miisho. Mahali palipoinuka, palipokwaruza au penye mstari mweusi pametosha, hiyo usiitie majini. Kisha fanya vivyo hivyo kwa sumaku ya kushikiza, ule upande unaokaa ndani ya maji.

Nafasi ya kwanza naipa seti nzima ambayo bado inafanya kazi, maji yamo na viumbe wamo. Bei siyo sababu. Konokono wakiwa wanatambaa kwenye kioo, kamba wananyoosha masharubu na matumbawe yamefunguka, hapo una kipimo cha uhakika kuliko chochote kinachouzwa kwenye kichupa. Tangi lenye samaki peke yao linanitia shaka. Uliza kama liliwahi kutiwa dawa ya shaba ya kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki, kwa sababu mawe na mchanga hunyonya shaba na kuiachia polepole baadaye. Kama liliwahi, chukua kioo uache mawe. Mchanga wa zamani uache kwa vyovyote, ukiuvuruga unatoa uchafu wa miaka. Mawe mazuri yasafirishe yakiwa na unyevu wa maji yaleyale, na usiyachemshe kamwe hata ukiambiwa ndiyo njia ya kuua wadudu. Baadhi ya viumbe wa jamii ya Palythoa wanaoota juu ya mawe wana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wa mawe ya namna hiyo umewahi kulaza watu hospitalini.

Ya pili ni kioo, kabati na sampu (tangi la pembeni la kuchujia maji) vya mtumba, pampu ukazinunua mpya. Skima, kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, ya mtumba inafaa, mwili wake wa akriliki unadumu, ila nayo ina pampu, na pampu ina sumaku. Hita nunua mpya. Kidhibiti joto cha zamani kikiganda kwenye kuwaka, kinapika tangi zima usiku mmoja.

Ya tatu ni vile vitangi vidogo vyenye chumba cha filta nyuma. Vinapendeza, lakini maji ni machache hivyo sumu kidogo inatosha kuharibu, na pampu imefichwa mahali ambapo mwenye tangi hakuwahi kuitoa. Mwisho kabisa ni tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lenye pampu zisizo na jina. Kioo kinatumika, pampu waachie.

Kwa pampu iliyotumika nina upande wangu nao ni kampuni ya Tunze, kutoka Penzberg, Ujerumani. Pampu zao za Turbelle zinafunguka kwa mkono, rota inatoka nzima, na vipuri vinauzwa kimoja kimoja hata kwa modeli za zamani. Eheim nao wana tabia hiyo, na kwa pampu ya kurudisha maji kutoka kwenye sampu ningewachukua bila kusita. Pampu iliyogundishwa isifunguke siichukui hata ya bure, kwa sababu hakuna namna ya kuona kilichomo.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanaweka bei kwa kujumlisha kila walichowahi kununua, pamoja na chumvi iliyokwisha kumwagwa na taa za T5 ambazo mirija yake ilistahili kubadilishwa mwaka jana, kisha wanapunguza kidogo na kukwambia ni bei ya kutupa. Wanalikausha tangi, wanalipiga picha likimetameta, wanaandika "lilikuwa linafanya kazi vizuri". Ukiomba kufungua pampu wanaona umewatukana. Mnunuzi mgeni anaona haya, analipa, na miezi miwili baadaye anajilaumu kwamba hajui kufuga.

Pampu isipofunguliwa mbele yako, zitoe pampu zote kwenye hesabu. Mlipe kioo na kabati tu, na mwambie sababu.