Haggis ya kopo, kambini Dhekelia

Makopo manne ya haggis, chakula cha Kiskoti cha nyama za ndani za kondoo, tuliagiza kutoka Edinburgh, tukayafungua hapa Dhekelia, kambi ya jeshi la Uingereza kisiwani Cyprus, Januari 25, usiku ambao Waskoti humkumbuka mshairi wao Robert Burns, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1759. Mimi mtoto wa Nyeri, mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) nimeila tangu utotoni, kwa hiyo moyo, maini na mapafu ya kondoo havikunitisha. Humo kuna pia oti, kitunguu, mafuta na pilipili manga ya kutosha. Harufu yake ilijaza hema zima. Turnipu na viazi tuliponda wenyewe. Kasoro: ya kopo haina lile tumbo la kondoo ambamo haggis hupikwa, la kupasua kwa kisu shairi la Burns la kuisifu haggis likisomwa. Sajenti wetu wa Glasgow alilisoma hata hivyo, machozi yakimlengalenga. Nitaagiza tena, makopo sita.