Nimenunua Picha Halisi ya Wachezaji wa Baleti: Tazama Huu Weusi!

Nazima taa kwanza. Msiondoke, kamera iko sawa. Nimeshusha pazia la upande wa ziwa kwa sababu nataka mwone kitu kimoja, na mchana kweupe hakionekani vizuri.

Haya, tochi ya simu hii hapa. Simuliki kwa mbele, naiweka pembeni, usawa wa ukingo wa picha. Angalieni pale chini ya benchi, kwenye kivuli. Mimi nilijua ni giza tupu. Sasa naisogeza kidogo... hapo! Kuna utepe wa kiatu umeanguka sakafuni. Kuna ufa kwenye ubao. Jamani, weusi wenye vitu ndani yake! Picha hii ninayo siku ya nne leo, na utepe ule nimeuona jana usiku.

Karibuni sana, tuko Kirumba, Mwanza, na leo sina simu wala spika. Ni picha ya sanaa ya kuhifadhi, wasichana watatu wa baleti nyuma ya jukwaa, nyeusi na nyeupe, nakala ya 14 kati ya 40, saini ya penseli iko nyuma. Vipimo nimeweka chini ya video.

Hii imesafishwa kwa mkono kwenye chumba cha giza. Karatasi ina chumvi za fedha ndani ya jelatini, mwanga unapita kwenye negativu, ile filamu ya kamera, unaipiga karatasi, halafu dawa inazigeuza zile chumvi kuwa punje za fedha. Fedha yenyewe, madini! Kwa hiyo weusi huu si wino. Na chini ya jelatini kuna tabaka jeupe la salfeti ya bariamu, ndiyo maana gauni la huyu wa kushoto linawaka hivi wakati pembeni yake pako kama usiku.

Naleta lenzi ya kukuzia. Tuanze na kalenda yangu ya ukutani. Mnaona vidoti? Bluu, pinki, njano, vimepangwa mistari mistari. Sasa picha yetu, hapa shavuni... subirini ishike... haya. Hakuna kidoti hata kimoja. Ni punje zimetawanyika tu, kama mchanga wa ufukweni. Mtu akikuambia anakuuzia picha ya chumba cha giza, ukaweka lenzi ukakuta vidoti vimejipanga, rudisha hela yako mfukoni. Sisemi za printa ni mbaya. Zipo za wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, kwenye karatasi ya pamba, wakusanyaji wanazinunua na zinadumu. Ila ziuzwe kwa jina lake.

Najua kuna atakayeniambia mjini picha kubwa ya simba kwenye turubai anaipata kwa bei ya chini kabisa. Nilikuwa nayo moja, Nyegezi tulipokuwa tunaishi. Mwaka wa pili simba alishakuwa wa kijani. Hii nimeilipa laki sita na nusu, na nakiri siku ya kwanza nilijuta, nilikuwa nawaza lenzi mpya ya kamera hii. Sasa sijuti. Hapana, ngoja niseme vizuri: bei bado ni kubwa, na kama kodi ya nyumba inakubana, usinunue. Lakini sijuti.

Kilichoniudhi ni fremu. Muuzaji aliileta kioo kimelala juu ya picha kabisa, kimegusana nayo! Jelatini inanyonya unyevu. Hapa kwetu, ziwa liko pale, mvua za masika zikishika inalainika na kugandia kioo, na ukibandua unabandua picha. Tazameni kona hii ya chini, nainamisha... huo mng'ao mnauona? Haukutakiwa kuwepo, ni alama ya kioo, ilishaanza kushika. Nilikasirika sana. Nimempelekea fundi fremu, nikamwomba akate karatasi ngumu isiyo na asidi, yenye dirisha katikati, ikae kati ya picha na kioo. Alinielewa mara moja. Ukinunua picha ya namna hii, hilo ndilo la kwanza, kabla hata hujatafuta msumari.

Turudi kwa mabinti, maana sijawaonyesha miguu. Huyu wa katikati anavua viatu vya kusimamia ncha za vidole. Wengi tunadhani ndani kuna mti. Hamna! Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizokaushwa kwa gundi, na jasho linailegeza ile gundi hadi mchezaji mkubwa anaweza kumaliza jozi kwenye onyesho moja. Marie Taglioni, aliyesifika Paris mwaka 1832 kwa kucheza kwenye ncha, hakuwa hata na ugumu huo, alivaa viatu laini vya satini vilivyotiwa nyuzi za kushonea mbele. Angalieni kiatu hiki, mdomo wake umebonyea. Edgar Degas, yule mchoraji Mfaransa aliyefariki 1917, naye aliwachora sana wakiwa hivi, wananyoosha migongo, wanafunga viatu, hakuna anayewapigia makofi.

Mama yangu ni mtu wa Magu, amekua akiangalia bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe yanarushwa juu na ngoma inalia. Nilimwonyesha picha hii, magauni hakuyatazama. Akasema, "Mwanangu, huyu ameumia kidole gumba." Nikabisha. Tukaleta lenzi. Nawaonyesha na ninyi, taratibu... pale, ndani ya soksi, kitambaa kimezungushwa kidoleni. Mama aliona bila lenzi!

Mlioniuliza kuhusu ile maikrofoni, video yake imesogea hadi Jumatatu, mnisamehe. Ijumaa fundi ananiletea fremu. Ukuta nimeshauchagua, ule wa ndani kwenye korido, kwa sababu sebuleni jua la jioni linaingia kutoka ziwani na sitaki liifikie.

Nawasha taa. Au ngojeni, nizungushe tochi mara moja tena pale chini ya benchi.