Uchambuzi: Koleo la Kupindia Vibao vya Merikebu, na Pasi ya Nguo Iliyolitoa Jasho

Ndugu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu hapa Kampala. Hili mnaloliona mkononi mwangu ndilo koleo la kupindia vibao ambalo wengi wenu mmeniuliza habari zake tangu nilipoanza kuunda merikebu hii ndogo ya mfano, ya milingoti miwili, na ninapenda kusema mapema, kabla hamjaondoka kutazama kitu kingine, kwamba limeniudhi. Halikuniudhi kwa ubovu. Chuma chake ni kizuri, springi yake inarudi bila kukwama, na mpini wake haulegei. Limeniudhi kwa sababu linatiwa ndani ya sanduku la vifaa vya wanaoanza, ilhali ndicho chombo ambacho anayeanza angepaswa kukigusa mwisho.

Sitataja urefu wala uzito wake, kwa maana koleo ni koleo. Tutazame mdomo. Taya moja ina bapa lenye makali butu, na taya ya pili ina kitako cha plastiki. Unaingiza kibao katikati, unabana, na bapa linaacha mfuo unaokata nyuzi za mbao upande mmoja bila kufika upande wa pili. Ukirudia mifuo hiyo kwa mfuatano, kibao kinakubali kujikunja kuelekea upande uliokatwa, ambao ndio utakaotazama ndani ya merikebu. Kwa maelezo, jambo hilo linapendeza mno.

Sasa ninaisogeza kamera. Kibao hiki ni cha mbao laini nyeupe, upana wake milimita 5 na unene wake milimita 1.5, kipimo cha kawaida cha tabaka la kwanza katika seti zinazovishwa mbao mara mbili. Tabaka la pili, la mbao ya mjozi, huwa na unene wa kama nusu milimita tu, na ndilo linaloonekana kazi ikiisha. Ninabana hapa. Ninasogea milimita 4, ninabana tena. Sikilizeni mlio huo mdogo, kama wa mtu anayevunja njiti ya kiberiti ndani ya mfuko: hizo ni nyuzi zinazokatika. Mfuo wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Mfuo wa saba, na kibao kimekuwa vipande viwili. Sikupanga hivyo, wala sitaiondoa sehemu hii ya video.

Ninarudia kwa mkono mwepesi zaidi. Safari hii kimepinda, na kwa mbali mtu angesema kimefuata mzingo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya merikebu, vizuri. Lakini nakigeuza upande wa nje, ninauleta mwanga kutoka pembeni, na sasa mnaona wenyewe: hakuna upinde hapa, kuna kona saba ndogo zilizounganishwa kwa mistari iliyonyooka. Nilipompelekea kibao kama hiki fundi mmoja wa Ndeeba, mzee ambaye maisha yake yote yamepita kwenye vumbi la mbao, alikipitishia kidole gumba, akanitazama, akasema, "Ssebo (bwana), hiki hakijapinda, kimevunjika kwa adabu."

Mtaniambia kwamba msasa utazimaliza hizo kona. Hapo ndipo ninapokereka zaidi. Kila kona ya nje ina mfuo nyuma yake, na mfuo huo umekwisha kula karibu nusu ya unene wa kibao. Kwa hiyo unapoisugua kona ili iwe laini, unapunguza mbao mahali pale pale ambapo imekwisha kupunguzwa kutoka ndani, na siku moja, ukiwa unafurahia namna ubavu wa merikebu unavyong'aa, kidole kinatumbukia. Ilinitokea upande wa kushoto, kati ya taruma la kwanza na la pili, yaani mbavu za kiunzi, na ndiyo maana katika video iliyopita upande huo sikuuonyesha.

Tuliweke kando, tuchukue mpinzani wake. Pasi hii ya nguo niliinunua soko la Owino kwa shilingi 25,000, imekwisha tumika, na haina hata kitufe cha mvuke. Kibao nimekitia ndani ya maji kwa dakika chache tu. Ninasisitiza dakika chache, kwa sababu kuna mafunzo mengi yanayowaambia watu waloweke vibao usiku kucha kana kwamba ni maharage. Kinachoilegeza mbao ni joto. Lignini inayozishikamanisha nyuzi zake hulainika ikipashwa moto, kisha ikipoa hushika umbo jipya. Maji kazi yake ni kulipeleka joto ndani na kuizuia mbao isiungue. Ukiloweka kupita kiasi kibao kinavimba. Hiki cha pili, nilichokilaza majini tangu jana, kalipa inasoma milimita 5.2 badala ya 5, na ukikigandisha kikiwa hivyo, kitakapokauka kitasinyaa na kuacha ufa kati yake na jirani yake.

Pasi iko kwenye alama ya pamba. Ninakilaza kibao juu ya kopo hili la rangi, ninaibonyeza pasi juu yake polepole, ninaivuta huku mkono wa kushoto ukikisindikiza kibao kulizunguka kopo. Mmesikia mvuke? Sasa hivi mbao haina ubishi wowote. Inafuata kopo kama chapati inayoviringishwa pamoja na mayai kuwa rolex kando ya barabara ya Wandegeya. Ninakishikilia hadi kipoe. Wanaoharibu kazi huharibu hapa, kwa kuachia mapema. Ninahesabu hadi thelathini, ninaachia, na tazameni: kimerudi kidogo sana, na upande wa nje ni laini kama kilivyotoka kwenye sanduku.

Kwa kuwa nimetaja joto, inanibidi nijikosoe. Miezi miwili iliyopita nilikisifu mno chuma cha umeme cha kupindia vibao, kile chenye kichwa cha mviringo kinachofanana na kifaa cha kulehemu, na baadhi yenu mkakinunua kwa kuniamini. Kwenye tabaka la kwanza bado ninakisifu. Lakini wiki iliyopita nilikigusisha ubao wa mjozi kwa muda usiofika pumzi mbili, na alama nyeusi iliyobaki haikutoka, kwa kuwa ubao wa nusu milimita hauna nyama ya kusuguliwa. Kwa mjozi, basi, tumieni pasi yenye moto mdogo na kitambaa chenye unyevu katikati. Kile chuma kilinigharimu shilingi 140,000. Niwieni radhi.

Habari za chaneli ni fupi. Wiki iliyopita tumefikisha watu 2,000 waliojiunga, idadi ambayo sikuitarajia kwa chaneli ya Kiswahili inayorekodiwa mahali ambapo majirani zangu wengi huzungumza Kiganda, na kuanzia sasa video zitatoka kila Jumamosi, umeme ukiruhusu. Wengi wenu mnaotazama kutoka Mombasa na Tanga mmenisahihisha maneno, nami nimeyapokea: mbavu ninaziita mataruma, uti wa chini ninauita mkuku, na kule kuukwangua ukingo wa taruma ili uelekee mteremko wa mbao sasa ninakuita kukata hanamu.

Na hanamu hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye koleo, kwa sababu chombo hiki kinamfundisha anayeanza kuamini kwamba shida yake ni kupinda. Shida ya wengi si kupinda. Tazameni kiunzi hiki kabla hakijavishwa. Ninachukua kibao kimoja kikavu, sijakipasha moto wala kukibana, ninakilaza juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma. Kwenye taruma la pili kinagusa ukingo mmoja tu, na nyuma yake mwanga unapita. Maana yake ni kwamba taruma hilo halijakatwa hanamu vya kutosha, na hata kama ningekuwa na koleo la dhahabu, gundi ingeshika uzi mwembamba wa mbao badala ya kushika uso mzima. Msasa uliogandishwa juu ya ubao mrefu, ukipitishwa juu ya mataruma matatu kwa wakati mmoja, hulimaliza jambo hili kwa jioni moja.

Jambo la pili ni kupunguza upana, na hapa ninaomba mvumilie hesabu. Kata ukanda wa karatasi, uuzungushe kwenye taruma la katikati kutoka mstari wa sitaha hadi kwenye mkuku, kisha uupime. Wangu ni milimita 80, na kwa vibao vya milimita 5 ninahitaji vibao 16. Sasa ninaupima mzunguko huo huo kwenye taruma la kwanza kule omo: ni milimita 56. Gawanya kwa 16, unapata 3.5. Kwa hiyo kila kibao kinatoka katikati kikiwa na milimita 5 na kufika omo kikiwa na 3.5, na vyote 16 vinaingia bila kusukumana. Kama hesabu ingetaka kibao kishuke chini ya nusu ya upana wake, yaani chini ya 2.5, basi ningekikatisha kimoja njiani ili viwili vilivyo jirani vipokewe na kimoja, kwa sababu ncha nyembamba kama sindano haishiki gundi wala msumari. Kule tezi mambo hugeuka: mzunguko unaongezeka, nafasi zinafunguka, na unazijaza kwa vibao vyenye umbo la kabari.

Asiyefanya hesabu hiyo hukivuta kibao kwa ubavu, kama anayeilazimisha rula igeuke kona ikiwa imelala juu ya meza. Kibao hakipindi hivyo. Kinainua ukingo mmoja, kinakaa juu ya mwenzake kama gamba la samaki, na mwenye kazi anarudi dukani kutafuta koleo lililo bora zaidi. Hakuna koleo linalotibu hilo. Dawa yake ni kisu, rula ya chuma na randa ndogo.

Kwenye mwalo wa Ggaba niliwahi kusimama nusu siku nikiwatazama mafundi wakivisha mbao mtumbwi wa ziwani. Mbao zao ni nzito, mizingo ya mtumbwi ni ya upole, na sehemu kubwa ya muda wao ilipita wakiujaribu ubao, wakiushusha, wakiukwangua ukingo, na kuupandisha tena. Kuupigilia misumari kulichukua dakika. Nilirudi nyumbani nikihisi nimekuwa nikifanya kazi kinyumenyume.

Kuna mtazamaji aliyeniuliza kama anaweza kuanza na mfano wa HMS Victory, merikebu ya kivita ya Uingereza. Ndugu yangu, merikebu hiyo ilishushwa majini mwaka 1765, ina sitaha tatu za mizinga, na omo yake ni ya duara kama tumbo la mtungi; anza nayo, na sanduku litarudi chini ya kitanda kabla ya mvua za pili. Kuna mfululizo wa Model Shipways, watengenezaji wa seti za mifano, wa mashua tatu zinazopangwa kwa ugumu, kuanzia mashua ya wavuvi ya aina ya dori, kisha kimashua cha tanga cha Norwei, kisha mashua ya kamba wa bahari ya Muscongus Bay. Mpangilio huo ninaupenda, kwa sababu mashua ya kwanza ina mbao chache zinazolaliana, na unajifunza kupima kabla ya kujifunza kupinda.

Bei sasa. Koleo hili lilikuwa shilingi 85,000 kabla ya usafirishaji, na nilipoongeza usafirishaji na kodi likavuka 120,000. Kwa fedha hizo ningepata pasi, vibanio vya nguo vya kutosha, msasa wa mwaka mzima na nauli ya boda boda ya kuvileta vyote nyumbani, na bado chenji ingebaki.

Hata hivyo sitalitupa, nami najua nimelisema vibaya kwa robo saa nzima. Chini kabisa ya tezi, kwenye tabaka la kwanza, kuna mzingo mfupi na mkali ambao pasi haiufikii na ambao utafunikwa na mjozi. Pale nilibana mifuo mitatu myepesi, nikatia gundi nyeupe ndani ya mifuo yenyewe, na kibao kikatulia bila kuteta. Tena anayeishi mahali ambapo umeme unakatika kila jioni hawezi kuisubiri pasi. Basi nirekebishe kauli yangu ya mwanzo: si chombo kibaya, ni chombo cha mahali pawili au patatu, kilichowekewa picha ya merikebu nzima kwenye kasha.

Sasa tufungue vibao vitatu nilivyovifunga jana jioni kulizunguka kopo. Hiki kilicholoweshwa tu bila moto: ninaondoa kibanio, na kimefunguka hadi ncha zake zimeachana na kopo kwa karibu sentimita 3. Hiki cha koleo kimebaki palepale, na kona zake pia zimebaki palepale. Hiki cha pasi kimeachana na kopo kwa milimita 2. Ninakipeleka kwenye omo, upande wa kulia, kwa kuwa upande wa kushoto umetangulia kwa kibao kimoja na sitaki mkuku uvutwe upande mmoja ukapinda kama gonja, ile ndizi ya kuchoma. Ninakilaza juu ya taruma la kwanza, la pili, la tatu. Kidole kimoja kinatosha kukishikilia. Ninatia gundi, ninaweka kibanio kimoja cha nguo hapa na kingine hapa, na pande zote mbili sasa zina vibao kumi kumi.